Daftari Lilikuwa kwa Mkopeshaji

Mwezi wa Machi mwaka 2012 binti wa dada yangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Leicester nchini Uingereza, alikaa mezani baada ya zamu ya usiku akaandika barua ya aya mbili. Hakuwa akiomba kazi wala kuomba radhi. Aliiandikia kampuni iliyomkopesha fedha za kununulia gari mwaka 2004, akaitaka impelekee nakala ya kila karatasi na kila kumbukumbu inayomhusu: mkataba, fomu ya maombi, taarifa za akaunti, maelezo ya mazungumzo ya simu, na chochote kilichoandikwa kuhusu bima. Akatia hundi ya pauni 10 ndani ya bahasha, akaipeleka posta kwa rejista, akaitunza risiti.

Mkopo wenyewe alikuwa amekwisha kuumaliza mwaka 2008. Hakuwa akidaiwa hata senti. Nilipopigiwa simu na kusimuliwa habari hii nilimwuliza, "Sasa mwanangu, unatafuta nini kwa watu mliokwisha kumalizana?" Akanijibu, "Mjomba, nataka kujua walinikata nini."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandae mazungumzo ya wiki hii. Kwa maana wakati ule Waingereza wengi walikuwa wakiandika barua kama hiyo, na zilichangia kuzilazimisha benki kubwa za nchi ile kurudisha fedha nyingi kuliko zilivyopata kurudisha kwa wateja wao wakati wowote kabla ya hapo.

Tuanze na kitu chenyewe. Kilikuwa ni bima ya mkopo, iliyojulikana huko kwa herufi tatu tu, PPI. Ukikopa fedha, unalipa kiasi fulani cha ziada ili kwamba ukiugua, ukiumia, ukipunguzwa kazini au ukifa, kampuni ya bima ichukue mzigo wa marejesho. Wazo lenyewe halina ubaya. Mtu mwenye watoto watatu na mshahara mmoja ana haki ya kuogopa kesho. Ubaya ulikuwa katika namna ya kuiuza. Mteja alikuwa amekwisha kaa mbele ya karani, roho juu, akisubiri kuambiwa kama amepata au amekosa. Hapo ndipo bima ilipoingizwa. Wengine waliambiwa kwamba bila bima mkopo hautapita. Wengine hawakuambiwa neno. Kisanduku kilikuwa kimekwisha kutiwa alama kwenye fomu, na wao wakaweka saini. Waliuziwa wastaafu bima ya kupoteza kazi. Waliuziwa waliojiajiri wenyewe, ambao masharti ya maandishi madogo yaliwabana wasipate kulipwa. Waliuziwa wenye maradhi ya siku nyingi, ambayo mkataba uleule uliyatoa nje ya kinga.

Palikuwa na ujanja mwingine mbaya zaidi. Badala ya mteja kulipa bima kidogo kidogo kila mwezi, gharama yote ilipigiwa hesabu siku ya kwanza, ikajumlishwa kwenye mkopo, halafu nayo ikatozwa riba pamoja na mkopo. Yaani mtu alikopeshwa fedha za kununulia kinga ya mkopo, akalipa riba juu ya kinga hiyo. Wasimamizi wa sekta ya fedha wa Uingereza wanasema ziliuzwa bima za aina hii zinazofikia milioni 64, nyingi kati ya mwaka 1990 na mwaka 2010, katika nchi yenye watu wapatao milioni 60 ukihesabu na watoto wachanga.

Malalamiko yalianza mapema, lakini malalamiko ya mdomo hayafiki mbali. Mtu akienda benki kusema, "Sikuambiwa kama hii ni hiari," karani atamjibu, "Saini ni yako." Mtu akisema, "Nadhani nilikatwa bima," ataulizwa, "Namba ya mkataba?" Nani anatunza namba ya mkataba wa mkopo aliolipa akamaliza miaka saba iliyopita? Wengi hawakujua hata kama walipata kuwa na bima hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walikuwa wakimwonya mwenye mali. Katika mkasa huu mwenye mali alikuwa mkopaji, na daftari lilikuwa limefungiwa kabatini kwa mkopeshaji.

Pale chuoni tulipokuwa tukisomea stashahada ya uandishi wa habari, tulikuwa na mwalimu mmoja mkali ambaye alikuwa akitupa nyuma habari zetu na kusema, "Usiniletee alichosema mtu, niletee karatasi." Tulimchukia. Nimemkumbuka mara nyingi nilipokuwa nikisoma historia ya jambo hili.

Je, haki ya kuliomba daftari ilitoka wapi? Haikuletwa na benki, wala haikutungwa kwa ajili ya bima. Mwaka 1974 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya mikopo kwa wateja, ambayo ilimpa mkopaji haki ya kudai nakala ya mkataba wake na maelezo ya deni lililobaki kwa ada ndogo, ambayo baadaye ilikuwa pauni moja. Sheria hiyohiyo ilimpa mtu haki ya kuona faili lake katika zile kampuni zinazotunza sifa za wakopaji na kuziuzia benki. Lakini haki ya kupata nakala ya mkataba iliambatana na deni. Ukimaliza kulipa, mlango unafungwa.

Mwaka 1984 ikaja sheria ya kulinda taarifa za watu zilizomo katika kompyuta. Watu walikuwa wameanza kuogopa mashine hizi, na Baraza la Ulaya lilikuwa limetoa mkataba wake juu ya jambo hilo mwaka 1981. Kwa sheria hiyo mtu aliweza kuuliza: mna nini juu yangu? Ila kilichokuwa katika karatasi kilibaki siri ya mwenye kabati.

Suala la karatasi lilipiganiwa na mtu ambaye hakuwa na habari na benki. Alikuwa amelelewa tangu utoto chini ya halmashauri ya jiji la Liverpool, akihamishwa kutoka nyumba hii hadi nyumba ile, na alipokuwa mtu mzima alitaka kuliona jalada la maisha yake. Alisema alitendewa vibaya na alitaka kujua yaliyompata. Halmashauri ikamkatalia sehemu kubwa, ikidai kwamba walioandika taarifa zile waliziandika kwa siri na wengine hawajaridhia zitolewe. Kesi ikafika Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na mwezi Julai 1989 mahakama ikasema Uingereza ilikosea kwa kutokuwa na chombo huru cha kuamua ombi kama hilo pale mwandishi wa taarifa anapokataa au asipopatikana. Napenda kuikumbusha kesi hiyo kwa sababu watu huzungumza juu ya haki ya kuona kumbukumbu kama vile ni jambo la makarani na mihuri. Yeye alikuwa akitafuta utoto wake.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2000, na hii ndiyo iliyotumiwa na mpwa wangu. Iliingiza na mafaili ya karatasi yaliyopangwa kwa utaratibu. Ilimpa kila mtu haki ya kuomba taarifa zake kwa yeyote anayezitunza, awe serikali, mwajiri, hospitali au benki. Ada haikuruhusiwa kuzidi pauni 10 kwa maombi ya kawaida. Jibu lilitakiwa ndani ya siku 40. Na hapakuwa na sharti la kuwa bado unadaiwa.

Hata hivyo benki hazikulala. Mwezi Desemba 2003 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri la mtu aliyekuwa na ugomvi wa siku nyingi na Barclays. Alikuwa ameshindwa mahakamani, sasa akatumia sheria ya taarifa binafsi kuomba karatasi kutoka kwa Mamlaka ya Huduma za Fedha, FSA, iliyokuwa imechunguza malalamiko yake. Majaji wakamkatalia. Walisema taarifa binafsi ni ile inayomgusa mtu mwenyewe na maisha yake, si kila karatasi yenye jina lake, na kwamba haki hii haikuwekwa ili kumsaidia mtu kuvua nyaraka za kesi. Kwa miaka mingi hukumu hiyo ilitumiwa kuwapunguzia watu kile walichoomba. Mwaka 2017 Mahakama hiyohiyo ya Rufani, katika shauri jingine, ikasema kwamba nia ya mwombaji ya kutaka kushitaki haimwondolei haki yake. Lakini kwa wengi wa wale waliokuwa wakigombania bima, mwaka 2017 ulikuwa umechelewa sana.

Waliojifunza kwanza kuitumia barua ya pauni 10 kama silaha hawakuwa watu wa bima. Walikuwa watu waliotozwa faini na benki kwa kupitisha kiasi kwenye akaunti zao. Kuanzia mwaka 2005 na 2006 hivi, wateja waligundua kwamba wanaweza kuomba taarifa za akaunti za miaka sita, wakakaa na kalamu nyekundu wakijumlisha kila faini, kisha wakafungua madai katika mahakama ndogo. Benki nyingi zililipa kimyakimya kabla ya kufika mbele ya jaji. Mwandishi wa habari za fedha, Martin Lewis, alieneza barua za mfano ambazo mtu angejaza jina na namba ya akaunti tu. Mwenzetu huyu wa kalamu nampa heshima yake. Wengi wetu tumeandika tahariri kali zisizomsaidia mtu hata nauli ya basi, naye alitoa barua ya nusu ukurasa.

Vita ile ya faini wateja walishindwa. Mwezi Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba Ofisi ya Biashara ya Haki haikuwa na uwezo wa kuzipima faini hizo kwa kigezo cha haki ya bei. Watu wakavunjika moyo. Lakini ujuzi wa kuandika barua ulikuwa umekwisha kuenea mitaani, na sasa ukahamia kwenye bima.

Huko kwenye bima mambo yalikuwa yakichemka tayari. Mwezi Septemba 2005 Citizens Advice, ule mtandao wa vituo vinavyowashauri wananchi bure, ulipeleka lalamiko rasmi kwa Ofisi ya Biashara ya Haki. Shauri likapelekwa Tume ya Ushindani mwaka 2007, na mwezi Januari 2009 tume ikapendekeza benki zikatazwe kuuza bima palepale mtu anapochukua mkopo, na ule ujanja wa kuijumlisha bima kwenye mkopo upigwe marufuku. Barclays ikakata rufaa kupinga sehemu ya uamuzi huo. Tume ikaurejea na kuuthibitisha mwaka 2010. Mwezi Agosti mwaka huohuo FSA ikatoa kanuni mpya za kushughulikia malalamiko, ambazo zilizitaka benki ziangalie na mauzo ya zamani. Chama cha Mabenki ya Uingereza kikakimbilia mahakamani.

Tarehe 20 Aprili 2011 Mahakama Kuu ya London ikaitupa kesi ya mabenki. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Mei, Lloyds ikawaacha wenzake kwenye mataa, ikatangaza kwamba imetenga pauni bilioni 3.2 kwa ajili ya fidia. Siku nne tu baada ya hapo chama kikasema hakitakata rufaa. Mnaokumbuka mpira wa zamani mnajua inavyokuwa ukuta wa mabeki unapovunjika kwa mtu mmoja kusogea.

Hapo ndipo barua zilipoanza kumiminika. Na hapa, msikilizaji, naomba tuende polepole, maana watu wengi hudhani ushindi mahakamani ndio mwisho wa habari. Kanuni zilisema benki irudishe fedha za bima iliyouzwa kinyume cha utaratibu, pamoja na riba iliyotozwa juu yake, pamoja na nyongeza ya asilimia 8 kwa mwaka. Lakini ilibidi kwanza ijulikane kwamba bima ilikuwepo, kiasi gani, tangu lini, na iliuzwaje. Haya yote yalikuwa kwenye karatasi za benki.

Mwombaji ilimpasa aandike majina yake yote, pamoja na jina la ukoo aliloliacha alipoolewa, maana benki ingetafuta jina la sasa na kusema haijamwona. Ilimpasa ataje kila anwani aliyopata kuishi, kwa sababu hiyohiyo. Ilimpasa aseme waziwazi anataka fomu ya maombi na kumbukumbu za simu, siyo mkataba peke yake, kwa kuwa mkataba ungeonyesha saini, wakati fomu na kumbukumbu ndizo zingeonyesha alichoulizwa na ambacho hakuulizwa. Kisha alingoja siku 40.

Jibu lililoogopwa kuliko yote lilikuwa la mstari mmoja: kumbukumbu zako hazipo tena. Desturi ya benki nyingi ilikuwa kuharibu nyaraka miaka sita baada ya akaunti kufungwa. Miaka sita ndiyo muda ambao kwa kawaida mtu anaweza kudai mahakamani kwa mkataba. Na lililouma zaidi ni kwamba benki zilikuwa na sheria ya kujitetea nayo, na sheria yenyewe ni ileile ya 1998, ambayo pia ilimkataza mtu kutunza taarifa za wengine kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Sheria iliyompa mteja ufunguo ndiyo iliyompa mwenye kabati ruhusa ya kulisafisha. Mimi sidhani waliotunga sheria walikosea. Hakuna anayetaka benki ikae na siri zake milele. Lakini yule aliyekopa mwaka 1996 akaja kugundua mwaka 2011 alibaki na kumbukumbu za kichwani tu, labda na taarifa za zamani za akaunti zilizosahaulika ndani ya sanduku la viatu. Waliotunza yale masanduku walicheka mwisho.

Je, kila aliyeambiwa "hazipo" aliambiwa kweli? Mwezi Aprili 2015 wasimamizi wa mwenendo wa fedha, FCA, waliorithi kazi hiyo kutoka FSA mwaka 2013, waliitoza Clydesdale Bank faini ya zaidi ya pauni milioni 20. Uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2012 na 2013 kikundi cha wafanyakazi wa benki hiyo kilitoa taarifa za uongo kwa ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya fedha, ile ambayo mteja huiendea bure akikataliwa na benki. Ofisi ilipouliza benki ina kumbukumbu gani, wafanyakazi wale walibadilisha karatasi zilizochapishwa kutoka kwenye kompyuta ili ionekane kwamba hakuna nyaraka zinazohusika, na mahali pengine wakafuta maelezo ya bima kwenye orodha ya huduma alizouziwa mteja. Zaidi ya hapo, utaratibu wa benki yenyewe ulikuwa umewafanya washughulikiaji wasiangalie nyaraka zote zilizokuwepo. Kati ya malalamiko 126,600 yaliyoamuliwa katika kipindi kilichochunguzwa, FCA ilisema yanayofikia 42,200 huenda yalikataliwa isivyo haki, na wengine wanaofikia 50,900 huenda walilipwa pungufu.

Miezi miwili baadaye Lloyds nayo ikatozwa pauni milioni 117. Washughulikiaji wake wa malalamiko walikuwa wameelekezwa kuanza na imani kwamba taratibu za mauzo za benki zilikuwa sawa, na kwa imani hiyo neno la mteja lilipungua uzito hata kabla halijasomwa.

Ninaposoma hayo sishangai sana kwamba likazuka kundi jingine la walaji. Kampuni za kudai kwa niaba zilichipuka kama uyoga. Zilipiga simu za watu usiku na mchana, zikiahidi kuwadaia fedha zao, na kwa kazi ya kujaza fomu ambayo mtu angeijaza mwenyewe, zilichukua robo ya fidia au zaidi. Ofisi ya ukaguzi wa hesabu za taifa ya Uingereza ilikadiria mwaka 2016 kwamba kampuni hizo zilikuwa zimejipatia kati ya pauni bilioni 3.8 na bilioni 5 katika muda usiozidi miaka mitano. Ni mwaka 2018 tu ndipo sheria ilipozibana zisizidi asilimia 20 kabla ya kodi. Mpwa wangu alipigiwa simu na kampuni ya namna hiyo, na hapo ndipo alipojua kwa mara ya kwanza kwamba huenda ana haki. Aliwashukuru, akakata simu, akatafuta barua ya mfano.

Bado palikuwa na siri moja ambayo hata aliyepewa jalada zima hakuikuta. Mwaka 2006 mama mmoja mjane wa miaka 59, mwalimu wa chuo, aliokota kikaratasi cha tangazo kilichosukumizwa mlangoni kwake. Akaishia kukopa pauni 34,000 za kulipa kwa miaka kumi kutoka kampuni ya Paragon, na juu yake bima ya pauni 5,780, nayo ikajumlishwa kwenye mkopo. Bima hiyo ilikuwa ya miaka mitano tu. Aliambiwa kwamba kuna kamisheni, hakuambiwa kiasi. Ilipokuja kujulikana, asilimia 71.8 ya fedha ile ilikuwa kamisheni: pauni 1,870 zilikwenda kwa dalali, pauni 2,280 zikabaki kwa Paragon mwenyewe, na kampuni ya bima, iliyobeba hatari yote, ikapata pauni 1,630. Tarehe 12 Novemba 2014 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Lord Sumption, ilisema kumficha mteja kiasi kikubwa namna hiyo kuliufanya uhusiano kati yake na mkopeshaji usiwe wa haki.

Hukumu hiyo iliwafungulia mlango hata watu ambao bima yao iliuzwa kwa utaratibu. FCA ikaweka kanuni kwamba kamisheni ikizidi nusu na mteja hakuambiwa, kile kilichozidi kirudishwe. Wakati huohuo ikaweka tarehe ya mwisho ya kulalamika kwa benki, 29 Agosti 2019, na ikatangaza tarehe hiyo kwa kutumia sanamu ya kichwa cha Arnold Schwarzenegger, yule mcheza sinema, ikitembea na kuwafokea watu waamue. Waingereza wana vituko vyao. Siku za mwisho kabla ya tarehe hiyo maombi yalizilemea benki.

Hesabu ilipofungwa, fidia iliyolipwa tangu Januari 2011 ilizidi pauni bilioni 38. Kwa kulinganisha, bajeti ya fedha za umma kwa Michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 ilikuwa pauni bilioni 9.3. Lloyds peke yake iliugharamia mkasa huu karibu pauni bilioni 22. Na habari haijazikwa: tarehe 1 Agosti 2025 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu juu ya kamisheni zilizofichwa katika mikopo ya magari. Benki zilishinda sehemu kubwa, lakini mteja mmoja alishinda kwa hoja ileile ya yule mama mjane, na mwezi Oktoba FCA ikapendekeza mpango wa fidia. Barua zinaandikwa tena. Siku hizi pauni 10 hazihitajiki. Tangu Mei 2018 ombi kwa kawaida ni bure na jibu ni ndani ya mwezi mmoja.

Bahasha ya mpwa wangu ilirudi siku ya 38, nene kama kitabu cha simu cha zamani. Ndani mlikuwa na fomu ambayo yeye hakupata kuiona, iliyojazwa na karani wakati wa mazungumzo. Mahali pa kazi paliandikwa "ajira ya kudumu". Mwaka 2004 alikuwa akifanya kazi kupitia wakala, leo hospitali hii, kesho ile, na masharti ya bima ile yalisema wafanyakazi wa namna hiyo hawalipwi wakikosa kazi. Kampuni ilimkatalia mara ya kwanza. Akaambatanisha hati zake za mshahara za mwaka ule, akaenda kwa wasuluhishi, na mwaka 2013 akalipwa pauni elfu mbili na ushee. Kiasi hicho si utajiri. Alimlipia mama yake tiketi ya ndege.

Sisi nasi hapa Tanzania tunayo sheria. Wakenya walitangulia na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazotunzwa na mwingine. Juzi nilikuwa nikipitia karatasi ya mkopo wangu mwenyewe nikakuta mstari wa bima ambao sikumbuki kuuzungumza na mtu. Sisemi nimedhulumiwa, huenda niliambiwa nikasahau. Niliandika barua ya aya mbili nikaipeleka kwa mkono. Kijana wa kaunta aliisoma mara mbili, akanitazama. "Mzee wangu, hii unaitaka ya nini, mkopo si unaendelea vizuri?"

Nilimwambia nataka kujua nilikatwa nini. Akaenda ndani, akakaa kitambo, akarudi na muhuri. Aligonga "Imepokelewa" na tarehe kwenye nakala yangu. Leo ni siku ya kumi na mbili.